Maiki gani itahimili upepo wa Shela? Video za safari, sauti inaniaibisha

#1 MsafiriWaAmu
Salaam wana jamvi. Niko Lamu, natengeneza video fupi za matembezi: Shela, Matondoni wanakounda majahazi, Takwa, mashua za jioni, mapishi, mambo ya kwetu. Picha watu wanazisifu. Balaa liko kwenye sauti. Nikiwa mjini si mbaya sana, lakini nikitia tu mguu kwenye mchanga wa Shela au nikipanda mashua, kinachosikika ni ngurumo tupu, na maneno yangu yanazama humo. Mtu mmoja aliniandikia kwenye maoni, "Ndugu, tuandikie tu, tutasoma."

Natumia simu ya Android, tundu lake ni USB-C, halina lile la duara la hedifoni. Maiki niliyo nayo ni ile ndogo ya bei rahisi isiyo na waya, kipande kimoja unabana kwenye kola, kingine unachomeka kwenye simu. Nayo ina wazimu wake: tukiwa majini inakata sauti na kutoa mikwaruzo, krr krr krr, halafu inarudi yenyewe. Nchi kavu hilo ni nadra.

Bajeti ni shilingi elfu kumi za Kenya, nikijikamua sana kumi na tano. Nimetazama RØDE VideoMicro, Boya za waya, DJI Mic Mini, na zile ndefu zenye bomba wanazoziita bunduki. Kila anayezungumza YouTube anasema yake ndiyo kiboko. Nichukue ipi? Na hiyo mikwaruzo inatokana na nini?

#2 KijanaWaIlala
Naweka kambi hapa. Coco Beach kunanisumbua vilevile.

#3 FundiMitambo
MsafiriWaAmu, kabla hujatoa hata senti: maiki yako ina manyoya? Simaanishi sponji nyeusi. Manyoya.

Upepo unapofika kwenye maiki unavurugika kwenye matundu yake na kukipiga kile kiwambo chembamba cha ndani. Vurugu hiyo karibu yote iko kwenye besi, ndiyo maana unasikia ngurumo na si mluzi. Sponji inasaidia upepo wa feni au wa kutembea polepole. Upepo wa ufukweni unataka manyoya, kwa sababu yale manyoya yanaupunguza kasi kidogo kidogo kabla haujafika kwenye matundu. Manyoya juu ya sponji ni bora zaidi. Wenye filamu kubwa wanaiweka maiki ndani ya tenga lenye nafasi ya hewa pande zote, halafu manyoya juu yake, ila hilo si la bajeti yako.

Pili, kama maiki au programu yako ina kitufe cha kukata besi, kiweke hezi 80 au 100. Lakini elewa: upepo ukishaipiga maiki hadi sauti ikapasuka, hakuna programu ya kuirudisha. Utapunguza ngurumo, maneno yatabaki yamechanika.

#4 BintiMatondoni
Chukua VideoMicro umalize. Manyoya yanakuja ndani ya boksi, haitaki betri, inajilisha umeme kutoka kwenye kifaa unachoichomekea. Ninayo, naipenda.

#5 FundiMitambo
BintiMatondoni, maiki nzuri, ila unamtia mwenzio kwenye gharama ya pili bila kumwambia. VideoMicro ile ya kwanza inakuja na waya wa pini ya mistari miwili, wa kamera. Simu inataka pini ya mistari mitatu. Na simu ya mleta mada haina kabisa tundu la kuchomeka pini. Kwa hiyo anunue waya wa pili, na adapta ya USB-C juu yake. Viungo vitatu kati ya maiki na simu, kwenye chombo kinachokwenda mrama. Kila kiungo ni mahali pa kukatikia.

Akitaka ya kukaa juu ya simu, VideoMic GO II ina USB-C yake, inaingia moja kwa moja.

#6 Nahodha_Mstaafu
Nimesoma nikacheka peke yangu. Upepo wa huku kwetu una ratiba yake, nyinyi mnataka kupigana nao kwa pesa.

Kusi linavuma tuseme kuanzia mwezi wa nne au wa tano mpaka wa tisa, linatoka baharini upande wa kusini mashariki, na ufukwe wa Shela umelikabili uso kwa uso. Hapo jibandike maiki kumi, itakuwa kazi bure. Kaskazi ni ya Disemba hadi Machi, inatoka kaskazini mashariki. Na katika msimu wowote, asubuhi kabla jua halijapanda upepo huwa mdogo kuliko alasiri. Vijana mnatoka saa kumi jioni kutafuta mwanga mzuri wa picha, saa hiyo hiyo upepo umeshika kasi. Kisha mnalaumu chombo cha dukani.

Mashuani usiseme neno chombo kikibisha. Kikibisha kinaukabili upepo, kwa hiyo mwendo wa chombo na mwendo wa upepo vyote viwili vinakupiga kifuani. Ngoja mkigeuka mnarudi na upepo wa tezi. Hapo chombo kinakwenda pamoja na upepo, usoni utahisi kama hakuna upepo kabisa. Keti chini ndani ya chombo, usikae juu ya ubao, mgongo uupe upepo, maneno yako uyaseme upande wa demani, yaani kule upepo unakoelekea. Kumi yako ibaki mfukoni.

#7 MsafiriWaAmu
Shikamoo nahodha. Hilo la kubisha na kurudi sikuwa nimelifikiria kabisa, nitalijaribu. FundiMitambo, ilikuwa na kisponji kidogo, kikachukuliwa na upepo kwenye mkondo wa Manda. Manyoya haikuwahi kuwa nayo.

#8 KijanaWaIlala
Yaani upepo umekula kinga ya upepo 😂😂

#9 SautiSafi
Mimi napingana na #4 na #5 wote. Mnamuuzia maiki ya kukaa juu ya simu wakati shida yake ni umbali. Simu ukiinyoosha kwa mkono iko zaidi ya nusu mita kutoka mdomoni. Kola iko shubiri moja. Kila ukipunguza umbali kwa nusu, sauti yako inapanda desibeli 6 hivi, na upepo unabaki vilevile. Hakuna maiki ya bei yake itakayomfidia pengo hilo.

La pili, ambalo wauzaji hawalisemi: maiki inayosikia pande zote haisumbuliwi sana na upepo wala mkwaruzo wa mkono kuliko ile inayochagua upande. Zinazochagua upande ndizo zinazoanza kunguruma mapema. Maiki nyingi za kola ni za pande zote. Kwa hiyo Boya BY-M1, ile ya waya wa mita 6 hivi, na kikofia cha manyoya cha kuongezea. Umemaliza na chenji imebaki.

Angalizo: ina swichi, upande wa simu na upande wa kamera. Kwenye kamera inataka kale kabetri ka LR44, kwenye simu haihitaji. Wengi wanasahau swichi kwenye upande usio wake halafu wanaitangaza kuwa mbovu.

#10 MwenyeKameraMalindi
SautiSafi, unazungumza habari ya mtu anayehubiri mbele ya kamera. Video ya safari si mdomo wa mtangazaji tu. Unataka randa na nyundo za mafundi wa Matondoni, kasia likipiga maji, mama anageuza mahamri kwenye mafuta. Maiki ya kola itakupa kifua chako tu. Mimi Gede msituni narekodi ndege na kima kwa maiki ya bunduki juu ya kamera, na kwenye ufukwe pale kwenye nguzo ya Vasco da Gama vilevile. Unaielekeza, inavuta.

#11 SautiSafi
Haivuti kitu. Bunduki haisogezi sauti karibu, inapunguza tu za pembeni. Tena inazipunguza zile nyembamba za masafa ya juu. Besi inapita kwa pembeni kama haioni kizuizi. Sasa mawimbi ya Shela na mashini za boti yana besi nyingi. Na ukiingia nayo kwenye vichochoro vya mji wa Lamu, kuta za mawe ya matumbawe pande zote mbili zinarudisha mwangwi moja kwa moja kwenye maiki, sauti inakuwa ya shimoni.

Halafu VideoMicro aliyoitaja BintiMatondoni si bunduki. Haina lile bomba refu, ina urefu wa sentimita 8 tu. Ni ya kusikia mbele kwa upana. Watu wanaziita zote bunduki.

#12 KijanaWaIlala
MwenyeKameraMalindi, nyinyi tangu mwaka 1498 mnawaonyesha wageni njia, hebu mwonyesheni na huyu jirani yenu maiki.

#13 MwenyeKameraMalindi
Na yule wetu alimfikisha mgeni Calicut salama salimini. Ibn Majid hakuwa mtu wa mchezo.

#14 Mpekuzi_wa_Kale
Hapo nakukatisha kidogo. Kwamba Vasco da Gama alipata rubani Malindi ni sahihi. Kwamba rubani huyo alikuwa Ahmad ibn Majid, wanahistoria wengi siku hizi wanalikataa. Endeleeni na maiki zenu.

#15 Nahodha_Mstaafu
Awe nani, alijua msimu. Ndiyo hoja yangu ya #6.

#16 FundiMitambo
Turudi kwenye ile krr krr. Mimi naona ni hivi. Maiki hizo zinatumia masafa ya gigahezi 2.4, sawa na Wi-Fi na Bluetooth. Masafa hayo hayapendi maji, na mwili wa binadamu kwa sehemu kubwa ni maji. Ukigeuka ukampa mgongo mwenye simu, kifua chako kinaziba njia.

Mjini hilo hulioni kwa sababu mawimbi yanagonga kuta na kuzunguka hadi kwenye simu kwa njia nyingine. Katikati ya bahari hakuna ukuta. Kuna njia moja tu, ya moja kwa moja, ukiiziba imekatika. Ndiyo maana nchi kavu "ni nadra" na majini ni kila mara. Tiba ni kile cha kifuani ukibane upande ambao simu inakuona, na mshika simu asiifunike ile ya kwenye tundu kwa kiganja.

#17 BintiMatondoni
Mimi nadhani ni rahisi zaidi kuliko fizikia ya Fundi. Simu ya mleta mada ina kava? Kava nene zinazuia pini ya USB-C isiingie mpaka mwisho. Inashika nusu nusu. Kwenye mchanga hutikisiki sana, kwenye mashua kila wimbi linakutikisa. Ongeza na chumvi: fungua tochi utazame ndani ya tundu la simu ya mtu yeyote anayeshinda baharini, utakuta ukungu mweupe au ukijani kwenye vile vyuma. Yangu niliisafisha kwa kijiti cha mbao kikavu, simu ikiwa imezimwa, ikakaa sawa.

#18 MtuWaFaza
Jaribuni na hili. Mkitoka Lamu kwenda upande wa Pate mtandao unapungua. Simu ikikosa mnara wa karibu inaongeza nguvu ya kutafuta, na ikiangukia kwenye 2G inatoa ile dadada-dadada ambayo zamani ilisikika kwenye redio kabla simu haijaita. Inaingia kwenye waya wa maiki. Weka simu kwenye hali ya ndege, rekodi, uone.

#19 FundiMitambo
Hiyo ipo kweli, ila huingia zaidi kwenye waya mrefu usiokingwa, kama wa maiki za waya. Yake inatuma sauti kwa namna ya kidijitali hadi ndani ya USB-C. Tena ile ya 2G ni mdundo wenye mpangilio. Yeye anasema krr, halafu kimya, halafu inarudi. Kimya hicho ni dalili ya kukatika mawasiliano.

#20 MtuWaFaza
Basi ajaribu. Haimgharimu chochote.

#21 Bi_Mkomani
Hodi. Mnaongea upepo na masafa, hakuna aliyegusa nguo. Mimi huwahoji kina mama wa mapishi na ususi wa kamba na makuti. Maiki ya kola ukiibana juu ya buibui unapata kwacha kwacha kila akipumua, kitambaa kile cha sintetiki kinajisugua chenyewe. Nimefika mahali namwomba aibane mwenyewe kwenye leso aliyojitanda ndani, pamba haina kelele, na waya upite chini ya buibui. Mwombe mwenyewe aibane, usinyooshe mkono wako kwenye kifua cha mama wa watu kwa sababu una kamera.

Kwa wanaume wa kanzu kuna njia nzuri zaidi: kofia. Maiki ndogo unaitia ndani ya ukingo wa kofia juu ya paji la uso, kichwa chake kikiwa chini kidogo ya mshono, unakishika na kipande cha plasta ya kidonda. Mdomo hauko mbali, kofia yenyewe inaizuia na upepo, na mtu akigeuza kichwa maiki inageuka naye. Kofia za kushona kwa mkono zina vitundu vya hewa, sauti inapita bila kuzibwa. Mzee mmoja niliyemrekodi hivyo alisahau kama ameivaa, akaenda nayo nyumbani.

#22 SautiSafi
Bi Mkomani, hiyo ya kofia ni ya watu wa filamu kabisa. Heshima yako.

#23 KijanaWaIlala
Ilirudi?

#24 Bi_Mkomani
Ilirudi na sambusa.

#25 MsafiriWaAmu
Nimerudi na majibu, nimefanya majaribio jioni hii kwenye mkondo.

Hali ya ndege: mikwaruzo imepungua, haijaisha. MtuWaFaza, sijui nikupe ushindi au nisikupe, kwa sababu upepo pia ulikuwa mdogo leo.

Kava: nimelitoa. Pini kweli ilikuwa haijaingia yote. Bado ikakwaruza, ila mara chache.

Kugeuka: nikimpa mgongo mwenzangu anayeshika simu, inakata. Nikimtazama, ilikata pia mara moja nikiwa nimemkabili kabisa, mita chache tu kati yetu. Kwa hiyo Fundi, hapo sielewi.

Na ya nahodha, ya kurudi na upepo wa tezi: tofauti ni kubwa mno. Bila sponji, bila manyoya, sauti inasikika. Nimemchezea mama yangu akasikia kila neno.

#26 Nahodha_Mstaafu
Mama yako ana akili. Hiyo mikwaruzo nyingine ni mashini, ile cheche ya plagi inavuruga vyombo vya umeme. Redio ya zamani ukiiwasha karibu na mashini ya boti ilikuwa inakereza hivyo hivyo.

#27 MsafiriWaAmu
Nahodha, tulikuwa kwenye tanga. Mashini ilikuwa imezimwa.

#28 Nahodha_Mstaafu
Ya kwenu. Na zile boti za mwendo kasi zilizokuwa zinapita kwenda uwanja wa ndege wa Manda?

#29 FundiMitambo
Cheche za mashini zinasumbua redio za masafa ya chini kama AM. Kufika gigahezi 2.4 na kumkatia sauti mtu wa mita chache, sidhani. Ila boti nzima ya watalii ikiwa na simu zenye Bluetooth na Wi-Fi ikipita karibu, hapo masafa yanajaa. Kwa hiyo nahodha anaweza kuwa amelenga boti sahihi kwa sababu tofauti.

#30 Nahodha_Mstaafu
Nimelenga.

#31 MtuWaFaza
Kuna jambo moja hakuna aliyeuliza. Una uhakika simu inarekodi kutoka kwenye hiyo maiki? Programu za kamera za baadhi ya simu za Android zinaendelea kutumia maiki ya ndani hata ukichomeka ya nje, au zinarukia ya ndani pini ikilegea. Anza kurekodi, kisha kwaruza kwa ukucha kwanza maiki ya kola, halafu ile ya chini ya simu. Sikiliza ipi imeingia kwa nguvu. Kama ni ya simu, weka Open Camera, ni ya bure, kwenye mipangilio yake ya video unaweza kuchagua chanzo cha sauti kiwe maiki ya nje.

#32 SautiSafi
Hili lilipaswa kuwa #2 badala ya kambi ya KijanaWaIlala.

#33 KijanaWaIlala
Kambi yangu iheshimiwe. Tena nina hoja: kwa nini msimwambie anunue za biti 32? Nasikia ukiwa na biti 32 sauti haipasuki hata upige kelele vipi. Maiki za DJI zote zinayo.

#34 FundiMitambo
Hazina zote. DJI Mic 2 ya mwaka 2024 inarekodi ndani yake kwa biti 32. Mic Mini aliyoitaja mleta mada hairekodi ndani, inatuma tu. Sifa yake ni wepesi, kile cha kifuani ni gramu 10, hakivuti kanzu. Lakini ikikatika mawasiliano, kilichokatika kimekwenda. Kwa mtu mwenye tatizo la kukatika majini, hiyo ni tofauti ya kuizingatia kuliko jina.

Na biti 32 haizuii upepo. Inakusaidia usipoweka kiwango vizuri. Kiwambo cha maiki chenyewe kikishazidiwa, unarekodi mpasuko kwa usahihi mkubwa.

#35 Mpekuzi_wa_Kale
Hapo ndipo nilipoumia mimi. Zefe ya Maulidi ya Lamu, matwari yanalia pande zote, nimejibana kwenye kichochoro. Simu ikawa inajipandisha na kujishusha sauti yenyewe: wakipumzika kidogo inavuta juu mpaka unasikia watu wananong'ona, wakianza tena inagonga dari. Sherehe nzima inapanda na kushuka. Nikahamia juu ya paa, kule sauti ilikuwa nzuri lakini mkono unapiga twari na mlio unakuja baadaye. Nikadhani simu imeharibika.

#36 SautiSafi
Haijaharibika. Sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde. Ukiwa juu ya paa, mita 34 kutoka kwa wapigaji, mlio unachelewa sehemu ya kumi ya sekunde, na kwenye ngoma jicho linaliona. Isogeze tu sauti ianze mapema zaidi wakati wa kuhariri.

Ile ya kupanda na kushuka ni simu kujirekebisha kiwango. Tafuta programu inayokuruhusu kukifunga. Au weka kinasa sauti kidogo karibu na wapigaji, kama Zoom H1essential, hiyo ndiyo yenye biti 32 na hapo ina maana yake. Piga kofi moja mbele ya simu mwanzoni, nyumbani unaoanisha kofi la picha na kofi la sauti. Simu ibaki na kazi ya picha tu.

#37 MwenyeKameraMalindi
Sasa mnakubaliana nami bila kujua. Kinasa sauti pembeni ndiyo ile ile hoja yangu ya #10, sauti za mahali.

#38 SautiSafi
Wewe ulisema bunduki.

#39 MwenyeKameraMalindi
Nilisema si mdomo wa mtangazaji tu. Na nikuambie, Marafa kule kwenye mabonde ya Nyari huwezi kumfunga mtu waya wa mita 6 ateremke nao kwenye yale makorongo. Atauacha kwenye mwiba.

#40 Moderator
Namba za simu za wauzaji zilizobandikwa hapa nimezifuta. Tumeni faragha. Mada iendelee.

#41 BintiMatondoni
Kuna dawa ya punda? Kila nikianza kuhoji mtu kwenye baraza, punda anaanza. Sasa na bodaboda zimeongezeka.

#42 Bi_Mkomani
Punda mwache alie, ndiyo Lamu yenyewe. Watu wangu wa ughaibuni wakimsikia wananipigia simu. Bodaboda ndiyo naikata. Adhana ikianza simamisha mahojiano, usikate katikati ya maneno ya adhana ukaja kuyaunganisha na biashara ya pweza. Niliona video moja hivyo, haikunipendeza.

#43 Nahodha_Mstaafu
Ahsante Bi Mkomani.

#44 MtuWaFaza
Jambo la mwisho kwa upande wangu, hata ukinunua ya dhahabu: usiilaze kwenye mkoba wenye nguo mbichi. Mkebe wenye kifuniko cha kubana, tia vile vifuko vidogo vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, vinavuta unyevu. Manyoya yakirukiwa na maji ya bahari suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, yakaushe kivulini na kuyachambua kwa vidole. Yakigandana kwa chumvi yanakuwa ngozi, upepo unapita.

#45 MsafiriWaAmu
Nashukuru wote. Jaribio la ukucha la #31 nimelifanya: kwenye programu ya kamera ya simu, ya kola inasikika na ya simu pia inasikika, zote mbili. Sasa sijui hiyo ni ya kundi gani. Kwenye Open Camera ni ya kola peke yake.

Nimeamua hivi. BY-M1 ya waya na kikofia cha manyoya kwa maneno yangu na ya wanaohojiwa, kofia ya Bi Mkomani kwa wazee. Ile isiyo na waya nabaki nayo kwa nchi kavu. Chenji naweka akiba ya kinasa sauti kabla ya Maulidi. Mashuani nasema wakati wa kurudi. Adapta ya USB-C ya kuchomekea pini ya Boya nimeiona dukani kwa bei ya chini sana, kesho naifuata.

#46 MwenyeKameraMalindi
Utajuta waya. Kumbuka nimesema.

#47 FundiMitambo
Subiri hapo kwenye adapta. Za bei ya chini sana mara nyingi ni waya mtupu, hazina chipu ya sauti ndani, na simu nyingi zenye USB-C peke yake hazizisomi kabisa. Nyingine zinatoa sauti ya hedifoni tu, maiki haziipokei. Nenda dukani na simu yako na hiyo Boya, chomeka vyote, rekodi, fanya lile jaribio la ukucha palepale kaunta. Ikikataa mrudishie kabla hujalipa.